Geji ya Joto Katika Gari Kuukuu: Tuiokoe au Tuibadilishe?

Leo tunazungumza na wale wenye gari la zamani: pikapu ya shule, gari la zahanati, Peugeot aliyoiacha mzee nyumbani, trekta ya kikundi. Tunataka kueleza habari za geji ya joto, ile saa ndogo ya dashibodi yenye mshale, herufi C upande mmoja na H upande mwingine. Katika magari mengi ya Migori na Homa Bay mshale huo umelala miaka mingi na mwenye gari amezoea. Na sisi tulikuwa tumezoea, tukalipa.

YALIYOTUPATA

Gari letu ni Land Rover Series III, toleo lililoundwa kati ya mwaka 1971 na 1985. Siku moja tulikuwa tukimpeleka mama mmoja mgonjwa Kisii, tukitoka upande wa Homa Bay. Barabara ile inapanda kutoka ziwani kuelekea Rongo, na nyuma tulikuwa na watu saba na mizigo yao. Kabla ya kufika Rongo injini ilianza kupoteza nguvu. Dereva akashusha gia, akakanyaga mafuta zaidi. Dakika chache baadaye tukasikia harufu ya rangi inayoungua, kisha mvuke ukatoka chini ya boneti, kisha gari likazima lenyewe. Mpira wa chini wa rejeta ulikuwa na ufa, na maji yalikuwa yakidondoka tangu asubuhi.

Mama yule alikaa kando ya barabara chini ya mwavuli karibu saa nzima, mpaka matatu moja ikakubali kumbeba akiwa amelala. Alifika, akatibiwa, tunashukuru. Lakini saa nzima kando ya barabara ni ndefu sana kwa mgonjwa.

Gari likavutwa hadi kwa fundi. Fundi mwenyewe ni mzee wa jua kali aliyezeekea kwenye magari ya aina hii. Alifungua injini, akaona gasketi imeungua na silinda hedi imepinda. Kisha akamwuliza dereva wetu:

"Geji ilikuwa inasema nini?"

"Jaduong', hiyo mshale ilikufa kitambo. Mimi siiangaliangi."

"Sasa ulikuwa unaendesha na macho ya nani?"

Hedi ilipelekwa kusawazishwa kwa mashine, gasketi mpya ikanunuliwa, na gari likakaa kwa fundi wiki tatu. Fundi alipomaliza injini alirudi kwenye geji. Alifuata waya mpaka kichwani, akakuta umeota kutu ya kijani. Akaukwangua kwa msasa, akaubana tena kwa koleo. Mshale ukainuka. Kazi ile haikufika dakika kumi na hatukununua kitu. Geji haikuwa imekufa hata siku moja. Ilikuwa imekatiwa habari tu, na hakuna aliyejisumbua kuangalia.

Ndiyo maana tunaandika makala haya. Mshale uliolala si jambo la kuzoea, na mara nyingi dawa yake ni rahisi kuliko tunavyodhani. Lakini ni lazima kwanza ujue ugonjwa uko wapi.

MAGARI YETU NA JOTO LAKE

Wako watu wanaotunza magari ya zamani kwa mapenzi. Tangu mwaka 2003 kumekuwa na mashindano ya Safari Classic ya magari ya zamani katika Afrika Mashariki. Na wazee wetu bado wanakumbuka Peugeot 404 ikishinda Safari Rally mara tatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968, kisha Ove Andersson akishinda na 504 mwaka 1975. Lakini kwetu gari la zamani mara nyingi si la maonyesho, ni la kazi. Linabeba mahindi, samaki, mbao, wanafunzi na wagonjwa. Gari la namna hiyo linapanda mlima likiwa limejaa, jua likiwa kali, na rejeta yake haina nguvu za ujana.

Tukumbuke jambo moja la huku kwetu. Ziwa Victoria liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda juu, maji huchemka upesi zaidi, kama digrii 1 kwa kila mita 300. Mombasa maji huchemka kwa digrii 100. Homa Bay huchemka kwa kama digrii 96, na ukipanda kwenda Kisii hushuka hadi kama 94. Kinachookoa injini ni mfuniko wa rejeta, unaoyabana maji yasichemke mapema. Mfuniko wa pauni 10 ukiwa mzima huongeza digrii 15 au zaidi. Mfuniko ukilegea, au ukifungwa kwa kitambaa na mpira kama tunavyoona njiani, faida hiyo yote imepotea. Kwa hiyo dereva wa huku anahitaji geji kuliko dereva wa pwani.

GEJI ZIKO ZA AINA MBILI

Kabla ya kufungua chochote, jua gari lako lina geji ya aina gani. Inama uangalie nyuma ya dashibodi na kwenye injini.

Ya kwanza ni geji ya kipaipu. Nyuma yake hutoka kipaipu chembamba sana cha shaba, kama waya mnene, kinachokwenda moja kwa moja hadi kwenye injini bila kukatika. Mwishoni kuna kichwa cha shaba kama kidole, kinachozama ndani ya maji ya injini. Haitumii umeme hata kidogo. Ndani ya kichwa kuna etha, kimiminika kinachochemka kwa joto la digrii 35 hivi. Maji yakipata joto, mvuke wa etha husukuma kupitia kile kipaipu hadi ndani ya geji. Humo kuna kibomba bapa kilichopindwa kama ndoano. Mvuke ukikisukuma hujaribu kunyooka, na kunyooka huko ndiko kunasogeza mshale. Ufundi huu ulisajiliwa na Mfaransa Eugène Bourdon mwaka 1849, na bado unafanya kazi mpaka leo. Utaikuta kwenye magari mengi ya miaka ya 1950 na kwenye trekta nyingi za zamani za Massey Ferguson, zikiwemo zile zinazovuta miwa.

Ya pili ni geji ya umeme. Hapa kuna vitu vitatu: geji yenyewe, waya mmoja, na kitu cha shaba kilichofungwa kwenye injini ambacho mafundi huita sensa. Sensa ikiwa baridi huzuia umeme, ikipata moto huuachia upite. Umeme ukipita kwa wingi mshale unapanda. Land Rover yetu ni ya aina hii, na hivyo hivyo Peugeot 504 na pikapu nyingi za Kijapani.

Namna rahisi ya kutofautisha: injini ikiwa ya moto, zima suichi. Mshale ukirudi chini, ni ya umeme. Ukibaki pale pale juu, ni ya kipaipu.

KWANZA MWULIZE INJINI

Usikimbilie kulaumu geji. Pengine inasema kweli.

Mshale ukikaa chini kila wakati, angalia kama gari lina themostati. Huku kwetu mafundi wengi huing'oa na kuitupa, wakisema gari la Afrika halihitaji. Bila themostati injini huenda ikiwa baridi mno, inakunywa mafuta zaidi, inachakaa haraka, na mshale haupandi. Mwenye gari anasema geji ni mbovu, kumbe geji ni nzima.

Mshale ukikaa juu, angalia maji, mkanda wa feni, mipira, na matope au nyasi zilizoziba uso wa rejeta. Hakikisha injini haichemki kweli kabla ya kusema geji inadanganya.

Na jambo hili tunaomba msome mara mbili. Maji yakiisha ndani ya injini, kichwa cha geji hubaki kwenye hewa na mvuke. Hewa haipitishi joto kama maji, kwa hiyo mshale unaweza kushuka wakati injini inaungua. Ukiona mshale umepanda sana, kisha ukashuka ghafla mlimani, usifurahi. Simama. Huenda hakuna maji tena.

GEJI YA UMEME: TAFUTA UGONJWA KABLA YA KUNUNUA

Hapa ndipo watu hupoteza pesa. Mtu ananunua geji nzima kumbe ugonjwa ni waya. Fuata hatua hizi injini ikiwa baridi.

1. Kwangua. Toa waya kwenye sensa, safisha pande zote mbili kwa msasa, rudisha ubane vizuri. Angalia na fyuzi pia. Washa gari uone. Magari mengi yanaponea hapa.

2. Kama bado, chukua taa ndogo ya 12V, kama ile ya dashibodi, yenye waya mbili. Toa tena ule waya kwenye sensa. Fungua suichi bila kuwasha injini. Unganisha waya wa geji na upande mmoja wa taa, na upande wa pili uguse chuma safi cha injini. Mshale ukipanda, geji na waya ni vizima, na ugonjwa uko kwenye sensa. Wengine hugusisha waya moja kwa moja kwenye chuma. Ukifanya hivyo ni kwa sekunde mbili tu, kwa maana ukikawia unaweza kuunguza geji. Taa inaikinga.

3. Mshale usipopanda, rudia jaribio hilo nyuma ya geji yenyewe, kwenye ule msumari unaokwenda kwenye sensa. Ukipanda hapo, waya umekatika njiani. Usipopanda, hakikisha umeme unaingia kwenye geji. Kama unaingia na mshale haujasogea, geji ndiyo mbovu.

4. Kama shida ni mshale kukaa H kila wakati hata asubuhi, toa waya kwenye sensa. Ukishuka, sensa imeungana ndani, badilisha. Usiposhuka, waya umechubuka mahali unagusa bodi, au geji imeharibika.

Sensa hupata njia ya umeme kupitia nyuzi zake zinazofungwa kwenye injini. Fundi akiizungushia utepe mweupe wa mabomba mara nyingi, kuzuia maji yasivuje, anaweza kukata njia hiyo. Geji inalala, na sensa ni mpya. Tumia utepe kidogo sana au uache kabisa.

MISHALE MIWILI IKIKOSEA PAMOJA

Katika Land Rover Series III na magari mengi ya Kiingereza ya wakati ule, geji ya joto na geji ya mafuta hulishwa na kisanduku kimoja kidogo cha bati nyuma ya dashibodi. Kazi yake ni kushusha umeme wa betri na kuuweka kwenye wastani wa volti 10, ili mishale isiyumbe dainamo au alteneta ikipanda na kushuka. Mafundi wanakiita stebilaiza.

Sasa, mishale yote miwili ikilala pamoja, au yote miwili ikisema juu kuliko ukweli, usiguse geji wala sensa. Tazama kisanduku hicho. Kwanza hakikisha bati lake limegusa chuma kisafi cha bodi, maana bila hivyo kitapitisha umeme wote wa betri na mishale itadanganya. Gari linaweza kusema tangi limejaa na injini inachemka siku hiyo hiyo, na yote mawili si kweli.

Kikiwa kimekufa, fundi wa redio anaweza kukusaidia. Kuna kifaa kidogo cha miguu mitatu chenye nambari 7810 kinachotoa volti 10 tulivu. Fundi wa redio anaweza kukifunga ndani ya kile kisanduku cha zamani, kwa nje usijue kimebadilika. Mwambie gari lako ni la 12V, na umhakikishie kwamba upande wa betri uliofungwa kwenye bodi ni hasi. Magari mengine ya Kiingereza ya zamani zaidi yalifungwa chanya kwenye bodi, na kwa hayo njia hii haifai.

GEJI YA KIPAIPU: INAWEZA KUFUFUKA?

Geji hii hufa kwa njia moja hasa: kipaipu kinakatika. Fundi anatoa injini, anasahau kufungua kichwa, anavuta. Au kipaipu kinasuguana na bodi miaka kumi mpaka kinatoboka. Etha inatoka yote, mshale unalala, na hakuna waya wa kukwangua.

Hata hivyo uso wa geji, kioo chake na mshale wake mara nyingi ni vizima. Wanaotunza magari ya zamani duniani kote wana njia ya kuiokoa: wanachukua geji nyingine ya bei nafuu ya aina hiyo hiyo, wanakata kipaipu chake, na kukiunga kwenye uso wa geji ya zamani pamoja na kichwa chake chenye etha. Huku kwetu geji ya kutoa kipaipu yaweza kutoka kwenye trekta iliyokufa upande wa Awendo, mradi kichwa na kipaipu ni vizima.

Tatizo ni etha. Mchana wa Muhuru Bay au Karungu unaweza kukaribia joto linaloichemsha. Ukikata kipaipu hivi hivi, etha inatoka yote na umeua geji ya pili. Kwa hiyo kazi inafanywa kwenye barafu. Na barafu tunayo: ile ile wanayotumia wachuuzi wa samaki.

Fundi anaponda barafu na kuichanganya na chumvi ya mawe, sehemu 3 kwa 1. Mchanganyiko huo hushuka hadi zaidi ya digrii 10 chini ya sifuri. Anakizamisha kichwa kizima humo kwa robo saa au zaidi na kukiacha humo mpaka kazi iishe. Wakati huo anaandaa ncha ya kipaipu cha geji ya zamani: anaikata vizuri, anaisafisha, anaivalisha kibomba kifupi cha shaba kitakachofunika maungio. Ndipo anakata kipaipu cha pili, anakiingiza upande mwingine wa kile kibomba, na kulehemu kwa risasi haraka, bila kuacha risasi izibe tundu la ndani. Tundu lenyewe ni jembamba kama uzi.

Sasa tuseme wazi. Etha inashika moto kwa urahisi kuliko petroli. Mvuke wake ni mzito, unatambaa chini na kwenda kutafuta jiko au sigara iliyo mbali. Hata chuma cha kulehemu kilicho moto kinaweza kuuwasha. Kuuvuta kunalewesha na kulaza. Kazi hii ifanywe nje penye upepo, bila moto wowote wala mashine ya welding karibu, ndoo ya mchanga ikiwa tayari, na watoto wakiwa mbali. Ni kazi ya fundi mwenye mkono mwepesi aliyekwisha kufanya mazoezi kwenye vipande vitupu. Kama huna barafu ya kutosha au huna fundi wa namna hiyo, usijaribu. Hakuna geji inayostahili uso wa mtu kuungua.

JARIBIO LA SUFURIA

Geji ikishatengenezwa, au ukinunua ya mitumba, usiiamini kabla ya kuipima. Chemsha maji kwenye sufuria, weka kichwa au sensa ndani pamoja na kipimajoto cha maabara. Shule nyingi za sekondari zinacho kinachofika digrii 100 na zaidi. Kama ni sensa ya umeme, vuta waya mmoja kutoka kwenye shaba yake hadi bodi ya gari, na mwingine kwenye waya wa geji.

Kama huna kipimajoto, maji yenyewe ni kipimo. Lakini kumbuka tulivyosema: yakitokota hapa Migori si digrii 100, ni kati ya 95 na 96. Geji ikisema 95, usiirudishe dukani, inasema kweli. Kisha acha maji yapoe taratibu uone mshale ukishuka bila kukwama. Ukiona inasoma juu au chini kidogo, tia alama ya rangi nyekundu kwenye kioo mahali maji yalipochemka. Alama hiyo itakusaidia kuliko herufi H.

Themostati nayo ipimwe kwenye sufuria hiyo hiyo. Mara nyingi imepigwa nambari kama 82 au 88, yaani digrii inapoanza kufunguka. Ikikataa kufunguka, badilisha.

Vile vipimajoto vya bunduki tulivyoelekezewa kwenye paji la uso milangoni wakati wa korona mwaka 2020 vilitengenezwa kwa joto la mwili wa mtu. Havifai kwa injini. Vipo vya mafundi vinavyopima joto kubwa, lakini hivyo ni vyombo vingine.

UKIAMUA KUBADILISHA

Kwa wengi wetu jibu la busara ni geji mpya ya kipaipu, ile inayouzwa yenyewe kwenye maduka ya spea, ikafungwa chini ya dashibodi kwa bati dogo. Geji ya zamani iachwe mahali pake kwa heshima ya gari. Kuna mambo ya kuangalia.

Geji ya umeme na sensa yake ni mke na mume. Sensa ya gari lingine inaweza kuingia vizuri kwenye tundu lakini ikaongea lugha tofauti na geji yako. Nunua zote mbili pamoja, au ile iliyoandikiwa gari lako.

Nyuzi hazifanani. Gari la Kiingereza, la Kifaransa na la Kijapani kila moja lina kipimo chake. Kikikataa kuingia kwa vidole, usilazimishe kwa spana, utapasua hedi. Mwone fundi wa mashine ya kukereza chuma akutengenezee kiungio. Lakini kiungio kisiwe kirefu, maana kichwa kikibaki juu ya maji geji itasoma hewa.

Kipaipu kisivutwe wala kukunjwa kwa kona kali. Kinachozidi kizungushe mara mbili kama mviringo mpana ili kistahimili mtikisiko. Penye bati kipitishe ndani ya mpira. Kiwe mbali na bomba la moshi.

WAKATI GEJI BADO HAIJAPONA

Gari halitakaa nyumbani kungoja, tunajua. Basi angalau fanya haya. Kila asubuhi, injini ikiwa baridi, fungua rejeta uone maji. Tazama chini ya gari kama kuna tone. Tumia maji ya mvua yaliyokingwa kwenye mabati pamoja na dawa ya rejeta, kuliko maji ya ziwa yenye tope au ya kisima chenye chumvi. Tope na magadi huganda ndani ya rejeta na juu ya kichwa cha geji chenyewe. Mlimani punguza mzigo, tumia gia ndogo, usilazimishe.

Ukisikia harufu, au nguvu ikipungua, simama mara moja. Fungua boneti, usifungue mfuniko wa rejeta. Ngoja nusu saa. Watu wameunguzwa vibaya kwa kuharakisha jambo hilo. Na usimwagie injini ya moto maji baridi, chuma kitapasuka.

NENO LA MWISHO

Siku hizi magari mengi mapya hayana hata mshale, yana taa tu ya bluu na nyekundu, na kompyuta ndiyo inayojua mambo. Sisi wa magari ya zamani tuna bahati: tunaweza kufungua, kuona, na kutengeneza kwa msasa, taa ndogo na sufuria ya maji.

Kwa hiyo tunawaomba wenye magari ya vikundi, shule na zahanati: wiki hii mwulizeni dereva wenu swali lile la mzee fundi, geji inasema nini? Akijibu kwamba ilikufa kitambo, msicheke mkaondoka. Fungueni boneti, toeni ule waya, ukwangueni. Pengine ndiyo kazi yote iliyobaki.

Dereva wetu sasa anaiangalia. Kila akipanda kuelekea Rongo anautazama mshale kisha barabara, barabara kisha mshale, na akiuona umevuka alama nyekundu anasimama chini ya mti hata kama abiria wananung'unika. Tumekubaliana kwamba manung'uniko ya nusu saa ni nafuu.

Tunawatakia safari njema.